Blanketi Alilolichagua Oluoch

Nakhungu alikuwa na kibanda cha kushona katika soko la Kibuye, upande wa mitumba, na kazi iliyompa jina ilikuwa mablanketi ya viraka. Alinunua suruali na mashati yaliyokosa mteja, akayakata vipande, akaviunganisha, akaweka blanketi kuukuu katikati na kitambaa laini chini, kisha akayapitishia cherehani mpaka yote yakashikana.

Ya wasichana hayakumpa shida. Wavulana ndio waliomsumbua. Mama huja akitaka picha za magari na mipira, halafu mwanawe akifika kidato cha kwanza analigeuza blanketi ndani nje ili wenzake bwenini wasione. Hata mwanawe mwenyewe, Wasike, alifanya hivyo kabla hajaenda Eldoret kutafuta kazi. Tangu hapo Nakhungu aliwaambia wateja wake: kijana akianza kuota ndevu, muulizeni mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa pili, alikuja Dorca Achola, muuza samaki wa ufuo wa Dunga.

"Ni ya kijana yangu, Oluoch," alisema. "Ako na seli mundu, ule ugonjwa wa damu. Baridi ikiingia, miguu inamuuma mpaka analia."

"Ako miaka ngapi?"

Dorca hakutaja miaka. Alinyoosha mkono usawa wa kifua chake. "Ni mdogo. Weka mashua na samaki. Rangi za kupendeza."

Nakhungu akashona blanketi la buluu la futi nne, na mashua za manjano juu yake.

Wiki moja baadaye Oluoch alilirudisha mwenyewe ndani ya mfuko. Mikono yake ilikuwa myembamba na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Ukimtazama, jinsi ugonjwa ulivyomdumaza, ungemkadiria miaka kumi na miwili. Aliposema ndipo Nakhungu alipogutuka, maana sauti ilikuwa ya mwanamume.

"Mathe, hii ni ya mtoto. Mimi niko miaka kumi na tisa."

Nakhungu akamvutia kiti, akamwaga gunia la vipande juu ya meza. Kijana alichagua polepole karibu asubuhi nzima, akipumzika mara kwa mara. Maua aliyasukuma kando, na nyekundu pia. Alitenga jinzi iliyokolea, kijivu cha suruali za ofisini na nyeusi. Alitaka mistari iliyonyooka kutoka kichwani hadi miguuni, bila picha yoyote.

"Na urefu?"

"Futi sita."

Nakhungu alimpima kwa macho, na kijana akaelewa anachowaza.

"Kitanda yangu ni futi sita," alisema. "Mabeshte wangu, wenye tulisoma nao, wanaendesha boda, mmoja ashaoa. Mimi hospitali inaniweka wadi ya watoto. Ukutani kuna twiga. Naangalia hiyo twiga tangu nikiwa kidogo."

Kazi ilipofika nusu, Dorca alitokea kibandani, bado amevaa aproni ya samaki. Aliinua kile kilichokuwa mezani, akakiachilia.

"Nani alikwambia ukate nyeusi? Hii ni rangi ya matanga."

"Amechagua mwenyewe, Mama."

"Ungekataa. Nimezika wawili na hii ugonjwa. Nyathina, mtoto wangu, amebaki huyu peke yake."

Nakhungu angeweza kuongeza mstari wa kijani pembeni, mama naye apate kitu chake. Lakini alimkumbuka Wasike akilala na blanketi lililogeuzwa. "Ni mtu mzima," akasema. Dorca akageuka, akaondoka.

Oluoch alilichukua blanketi lake mwezi wa tatu. Mvua za mwezi wa nne zikamwangusha. Safari hii walimlaza wadi ya wanaume, na Nakhungu alipoenda kumtazama alimkuta amejifunika hadi kidevuni, midomo imekauka.

"Nesi ameniita bwana," alimwambia. Siku ya tatu tangu alazwe, alifariki.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwa baba yake, kule Seme. Nakhungu alipoinama kumpa pole Dorca, huyo mama alisema mbele ya wanawake wote, bila kupaza sauti, "Huyu ndiye alimshonea mtoto wangu sanda." Nakhungu alikaa mpaka jeneza likateremshwa, kisha akatembea peke yake kwenye matope hadi barabarani.

Maneno yale yalifika Kibuye kabla ya wiki kuisha. Akina mama watatu walifuta oda za mablanketi ya wana wao. Nakhungu hakujitetea. Hilo la sanda hakuliamini. Kilichomla moyo kilikuwa kingine: kama angelijua muda uliobaki, pengine angemwambia kijana akubali zile mashua, mama yake afurahi kwa wiki chache. Nyakati nyingine aliona kwamba hilo lingekuwa jema. Siku nyingine aliona lingekuwa wizi, kumnyang'anya kijana kitu alichojichagulia mwenyewe.

Karibu na Krismasi alikwenda Dunga kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa akipita mbali na meza ya Dorca, akasikia anaitwa.

"Mama Wasike." Dorca alikuwa amekonda. "Sikuwa na mtu mwingine wa kulaumu."

"Najua."

"Bado nakulaumu."

"Hiyo pia najua."

Dorca akamsogezea kigoda. Waliketi wakiwatazama wanawake wakigeuza omena juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na hawakumtaja Oluoch. Jua lilipokuwa kali, Nakhungu alichukua omena yake, akaaga.

Siku hizi anashona mapazia na sare za shule. Akija mama kuulizia blanketi la mvulana, anamwelekeza kwa Wepukhulu, fundi wa kibanda cha pili. Akiulizwa sababu, husema macho yake hayaoni vizuri tena.