Asilimia Iliyowafuta Wakwe Zangu

Nikisikia neno kompyuta, masikio yangu hupata moto hata leo, na walionifanyia aibu ile sitawaficha: ni Mutua wa mtaa wa Jericho na Ochieng wa matbaa, na wako hai, waulizeni.

Nilikuwa namuoa Nekesa. Mutua akanichapia ratiba ya harusi kwenye kompyuta yake (mashine aliyokuwa akiifunika kitambaa kama televisheni ya tajiri), na kwa kuwa haikuwa na herufi nene akawa anatia alama tu, nyota mbele ya kila kichwa, asilimia mbele ya jina linalotakiwa kuwa nene.

"Ochieng atazigeuza ziwe amri za mashine yake," akaniambia. "Wakwe tuwatie asilimia, mzee, wang'are!"

Mimi wa darasa la nne ningebisha? Nikasema wote watiwe.

Ochieng akageuza nyota, asilimia akaziacha. Kumbe kwenye mashine yake alama hiyo ina maana: kinachofuata hapa usikichape! Nilipoomba kuona karatasi moja kwanza, akanifokea, "Wewe unaoa ama unakagua?" Nikabeba bunda langu la ratiba.

Ukumbini kila mtu akatafuta jina lake. Upande wangu hata mpiga kinanda yumo. Upande wa Nekesa: "Baba wa bibi harusi", halafu weupe. "Shangazi", weupe.

Shangazi aliyemlea Nekesa akasimama. "Kumbe huyu msichana aliokotwa? Hana watu?" Akamshika mkono. "Twende, mama, hapa hatujulikani."

Nekesa analia, jamaa zake wote wameinuka, na mimi na suti ya kuazima nikakimbia nikapiga magoti mlangoni, nikaanza kuwataja mmoja mmoja kwa sauti, baba, mama, wajomba, mpaka nikamfikia shangazi mwenyewe, na jina likanitoroka.

"Na mimi ni nani?"

"Asilimia," nikasema. (Ndilo lililokuwa kichwani, ningefanyaje?)

Baba mkwe alicheka mpaka akaegemea mlango, shangazi naye akashindwa kujizuia, wakarudi kuketi. Hiyo tu ndiyo iliyoniokoa. Na Mutua? Alikuwa meza ya nyuma, anakula wali wangu, ati, "Hiyo ni makosa ya mashine."

Shangazi huniita Asilimia mpaka leo, mbele ya watoto wangu. Nao wakioa, nimeapa, wakwe watatajwa kwa mdomo, na Mutua hatakula hata punje.