Samli kwenye Rimu

Kutu haibembelezwi. Kuna vijana wa mjini wananiandikia kwenye simu, eti wao wanaloweka fremu kwenye siki, wanasubiri, halafu wanasugua taratibu kwa mswaki. Upuuzi! Mimi baiskeli ya BMX kuukuu iliyonyeshewa mvua tangu sijazaliwa naiweka juu ya fuawe ya baba, namwagia mafuta ya taa, napiga. Foki ikigoma kutoka naitukana kwanza, halafu napiga tena. Nina kovu la tupa kiganjani, na jino langu moja la mbele liliondoka na usukani. Sijutii.

Baiskeli zenyewe zilikuja na wageni wa mashamba ya ngano, huku kwetu Basotu. Watoto wao walizichezea, wageni walipoondoka zikabaki, zikatawanyika vijijini. Moja niliikuta imezibia mlango wa zizi la mbuzi. Nyingine mama mmoja wa Endagikot alikuwa anaanikia nguo. Nikisikia tetesi tu, naenda. Nimeshapigana mnadani kwa ajili ya jozi moja ya pedali, na niliondoka nazo, mdomo umepasuka. Mke wangu anasema nina kichaa, na sijawahi kumbishia.

Sisi ni ukoo wa wahunzi. Kwa wafugaji wa bondeni hilo lina maana yake. Mkuki wetu wanautaka, shoka letu wanalitaka, lakini mhunzi haingii ndani mwao, hakalii kigoda chao, haoi kwao wala wao hawaoi kwake. Chuma kikitoka mkononi mwetu hupakwa samli kwanza, ndipo mwenyewe akishike, ili uchafu wetu usimpate. Utoto wangu wote nimepigwa kwa ajili ya hilo, na nimepiga. Shuleni nilimvunja mtu pua kwa sababu alikataa kukaa dawati moja na mimi. Aliyechapwa nikawa mimi.

Ndiyo maana rafiki yangu alikuwa kitu kikubwa kwangu. Mfugaji wa Hirbadaw, wa boma lenye ng'ombe wengi. Alikuja kuchomelewa plau, akaiona BMX imening'inia ukutani, akalisahau plau lake. Aliingia uani bila kusita, akanipa mkono. Nilibaki nimeuangalia ule mkono, mpaka akacheka, "Vipi bwana, una miiba?" Tangu siku hiyo ikawa kila Jumapili, wenzetu wakiwa kanisani au kilabuni, sisi tuko kwenye mteremko tunavunjika mbavu. Tuliporomoka pamoja na kuanguka pamoja, damu yake ikanichafua na yangu ikamchafua. Mtu akinong'ona, "Yule si mhunzi?" yeye anainua fimbo, "Ni ndugu yangu, unasemaje?" Jamani, nilimpenda yule mtu. Sikuwa na mwingine wa upande ule, na sikumtaka mwingine.

Kiangazi kilichopita nilimtengenezea ya kwake. Fremu ya kromu, rimu za chuma, gololi mpya, breki nimezifunga mwenyewe na kuzijaribu mwenyewe mpaka tairi likalia. Nikampa. Sikumuuzia, nilimpa! Akaenda nayo kwao ikalale, tukaahidiana tukutane asubuhi juu ya mteremko wa Hirbadaw, ule unaoishia kwenye korongo.

Asubuhi alitangulia kushuka, mimi nyuma yake na yangu. Pale juu ya korongo kuna kona ambayo lazima ufunge breki. Niliona vidole vyake vinabana. Niliona anabana tena, anageuza shingo kunitazama, macho yamemtoka. Baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Akaingia korongoni akiwa hewani, na sauti niliyoisikia haikuwa ya chuma.

Nilimkuta chini kwenye mawe. Mfupa wa mguu ulikuwa umechana ngozi, umetoka nje, mweupe. Alikuwa analia kama ndama. Nilivua shati nikamfunga, nikapiga kelele mpaka mchungaji mmoja akasikia ng'ambo ya pili, akakimbilia bomani kwa kina rafiki yangu. Nilipobaki naye tu, nikaishika rimu ya nyuma nione breki imekufa na nini. Vidole viliteleza. Nikavinusa. Samli! Nikashika ya mbele, samli. Mtu amezipaka rimu zote mbili kama anampaka mwali. Sasa mpira wa breki ungeshika nini?

Kaka zake wawili walifika na pikipiki. Hata katika hali ile niliwaambia shikamoo, maana wamenizidi umri. Hawakuitikia.

"Mhunzi," akasema mkubwa, "umempa mdogo wetu chuma chenye laana."

"Laana gani? Njoo unuse hapa! Nani amepaka samli kwenye rimu? Mnaogopa uchafu wangu, mmemuua mwenzenu!"

Akainama, akanusa. Nilimwona usoni ameelewa.

"Sijapaka mimi."

"Mwongo! Mwongo mkubwa wewe!"

Fimbo ya kwanza ilinipata sikioni. Ya pili nikaidaka, nikamvuta nayo, nikampiga kichwa cha pua, damu ikaruka. Wa pili akanipiga mgongoni kwa jiwe. Baada ya hapo sikuwa napigana tena, nilikuwa napigwa. Walinivunja taya. Waliponimaliza mimi wakahamia kwenye baiskeli, wakaiponda kwa mawe, ile kromu ikapasuka vipandevipande, na rafiki yangu pembeni anapiga kelele, "Acheni! Acheni jamani!" Wakampakia kwenye pikipiki, mmoja amemshika kwa nyuma. Mkubwa akaniambia, "Huyu akifa, tutakuzika na nyundo yako."

Hakufa. Nilipoweza kusimama nilikwenda hospitali, nikiongea kama mtu aliyeweka kiazi cha moto mdomoni. Niende nisiende, kijiji kizima kilikuwa kinasema mhunzi amemroga mtoto wa watu, na mji wangu, mke na nyumba, ulikuwa unasubiri moto. Mtu wa kuuzima alikuwa mmoja, yule aliyelala kitandani. Nilitaka awaambie ndugu zake ukweli kwa kinywa chake. Mama yake alikuwa kwenye benchi. "Shikamoo mama." "Marahaba," akaitazama sakafu, kisha akatoka.

Mguu wa rafiki yangu ulikuwa kwenye plasta, umening'inizwa. Aliniona, akanyoosha mkono, nikaushika kwa mikono yangu miwili. Nilitaka kulia.

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu," nikamwambia. "Kaka yako ndiye aliyepaka ile samli. Waite, uwaambie."

Akautazama mguu wake.

"Siyo kaka," akasema. "Nilipaka mwenyewe."

Nilidhani ni dawa za maumivu zinazungumza.

"Hata zile za Jumapili nilikuwa napaka, hapo kwenye kushikia tu, wewe ukiwa umenipa mgongo. Hii ilikuwa inalala nyumbani, penye watoto. Nikapaka yote. Sikufikiria breki. Nitawaambia, usiogope. Leo hii nitawaambia."

Mji wangu ulikuwa umepona. Ningesema asante nikaondoka. Lakini mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu, na mimi ni mtu wa kuuliza.

"Na mimi? Ukinishika mkono?"

Alijaribu kuuvuta. Nikaubana mkono mpaka akakunja uso.

"Nikifika nyumbani nanawa."

Nikamzaba kofi, mgonjwa, kitandani, kwa nguvu zangu zote. Kitanda kikayumba, mguu ukacheza kwenye kamba, akapiga yowe. Muuguzi akaja mbio akanikamata kola, akanikokota kuelekea mlangoni huku ananitukana. Niligeuka nimwone mara moja tu. Alikuwa ameshika pembe ya shuka, anajifuta shavu.