Siku Makayabo Yalipoonekana Miji Mitatu

Haya, kwa kuwa mmenikalia kooni tangu tuanze kunywa hii chai, na kwa kuwa najua nisiposema mimi kuna mtu atawasimulia akiongeza pilipili, acha niseme mwenyewe: ni kweli, mimi ndiye yule nesi aliyeaibika mbele ya Buffalo, Columbus na Louisville kwa mpigo mmoja, mchana kweupe, kwa sababu ya samaki. Chekeni sasa hivi mmalize, ndiyo niendelee.

Mnaijua kazi yangu, au mnajifanya mnaijua. Mimi si daktari. Ni nesi niliyeongeza masomo mpaka nikaruhusiwa kupima, kutibu na kuandika dawa, halafu, kwa kuwa wodi za hospitali kubwa zina wagonjwa ambao vitabu havijawahi kukutana nao, nikaomba nafasi katika mafunzo ya mwaka mmoja ya kujinoa, yale wanayoyaita felosipu, ambamo manesi wa aina yangu tunachanganywa na wasaidizi wa daktari (ndugu wa karibu wa kliniko ofisa wa kwetu Kenya) na kuwekwa wodini chini ya madaktari wazoefu. Shirika letu lina hospitali katika miji hiyo mitatu ya Marekani, na kila wiki, saa ya chakula cha mchana, sisi wa felosipu, mafelo, wote tunaunganishwa kwa video, mmoja wetu anaeleza mgonjwa anayemsumbua kichwa na wengine wanamhoji. Ukieleza vizuri unakumbukwa nafasi za kazi zikigawanywa. Ukieleza vibaya unakumbukwa pia.

Mgonjwa wangu alikuwa Mama Furaha, mama Mkongomani wa upande wa Kivu, anayeishi West Side, mtaa wa Buffalo nilikopangiwa mimi, na bintiye Furaha pamoja na mume wa Furaha, Papa Olivier. Moyo wake ulikuwa umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji yalikuwa yamemjaa miguuni, tumboni, hadi mapafuni, hawezi kulala bila kuegemezwa mito. Tiba yake si siri: dawa ya kukojoza ya kupitia mshipani, na chakula kisicho na chumvi, kwa sababu chumvi na maji ni kama pete na kidole, chumvi ikibaki mwilini maji nayo hayaondoki. Nilipoingia chumbani nikasema, "Shikamoo mama, umeamkaje?" akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakamtoka, akasema, "Mungu ni mukubwa, ametuma mutoto yetu huku!" Kuanzia hapo nikawa docta. Nikamwambia, "Mama, mimi si daktari, ni nesi." Akanijibu, "Eeh, docta." Nikarudia mara nyingine, nikachoka, nikaacha (na msiniulize kama nilichoka upesi).

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia, maana lilianza dogo kabisa. Papa Olivier alikuwa anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na kila mchana kabla hajaenda kulala alikuwa anapitia hospitali na hotpoti ya chakula alichopika Furaha. Siku hiyo ya kwanza nimeingia kumpima mama, sijatia kitu tumboni tangu alfajiri, nje theluji imefunika hadi madirisha ya magari, na yeye ndio anafungua kifuniko: bugali moto, ndio ugali wao, sombe ya majani ya muhogo, na samaki kwenye mchuzi mwekundu. "Docta, karibu tukule," akasema. Niambieni, mtu aliyelelewa kwetu anajibu nini? Kanuni ya hospitali inasema usile cha mgonjwa. Mama yangu mzazi alisema chakula cha watu hakikataliwi, unaonja japo tonge moja, la sivyo umewaambia ni wachawi. Hospitali ilikuwa imenifundisha miezi michache, mama miaka yote, kwa hiyo mama akashinda. Nikanawa, nikaonja.

Yale yalikuwa makayabo, samaki aliyekaushwa kwa chumvi mpaka akawa mgumu kama soli ya kiatu, ambaye inabidi umloweke usiku kucha na umbadilishie maji ndipo aingie sufuriani. Mimi nilijuaje? Mimi ni mtu wa Kericho, samaki nimemjulia ukubwani. Wala sikujua kwamba Furaha, kwa kuwa kazini kwake alikuwa anashika zamu mbili, alikuwa anamloweka kwa muda wa kuoga na kuvaa. Nilichojua ni kwamba nilikuwa ninaishi peke yangu kule mtaa wa Kensington-Bailey, ninakula mkate na mayai, na samaki yule alikuwa mtamu. Kesho yake nikapanga zamu yangu ili chumba cha Mama Furaha kiwe cha mwisho kabla ya mchana. Keshokutwa wakawa wananiwekea kichwa cha samaki.

Mtauliza, na mgonjwa je? Hapo ndipo akili yangu ya felosipu ilipofanya kazi. Kwa mujibu wa akili hiyo, chakula cha hotpoti kilikuwa cha familia na wageni, na chakula cha Mama Furaha kilikuwa kile cha sinia ya hospitali, kuku mweupe asiye na chumvi na viazi visivyo na chochote. Na ushahidi nilikuwa nao, kwa sababu kila siku sinia ilirudi jikoni tupu kabisa, na nesi wa wodi aliandika kwamba mgonjwa amekula chote. Kweli, mama alikuwa akimega bugali mbele yangu, akipitisha kwenye sahani ya mchuzi. Nilijiambia anaonja tu kwa adabu, kama mimi. (Mimi ambaye nilikuwa ninamaliza kichwa.)

Basi dawa ikaenda, mama akakojoa vizuri, na uzito haukushuka. Tukaongeza dawa. Akakojoa zaidi, uzito ukabaki palepale, miguu inang'aa kwa maji. Usiku anakohoa, asubuhi ananiuliza, "Docta, miye nitarudia nyumbani siku gani?" nami namwambia karibuni, mama, karibuni, halafu narudi kwenye karatasi za vipimo kuanza upya. Mwishowe madaktari wa moyo wakasema, kama ni hivyo, kesho atiwe mrija wa shingoni, aunganishwe na mashine ya kuchuja maji kutoka kwenye damu. Mrija wa shingoni, jamani, kwa mama wa umri ule, una hatari zake: kuvuja damu, maambukizi. Furaha alipoelezwa alikaa chini ukutani akalia kimya.

Na mimi mwenyewe, kwani nilikuwa mzima? Kiu ilinikamata kila jioni nikanywa maji kama ngamia, nikasema ni hita za Buffalo zinakausha hewa. Pete ikanibana. Viatu vikanibana. Nikajinunulia soksi za kubana miguu, zile za kuzuia uvimbe, na nikawashauri wenzangu wodini wazinunue kwa sababu, niliwaambia, kazi ya kusimama inaharibu mishipa. Mtu anasomea maji ya mwili, anatibu maji ya mwili, anavaa soksi za maji ya mwili, na bado haoni.

Zamu yangu kwenye video ikaangukia siku hiyohiyo ya mrija, mchana, kabla haujatiwa. Nikaona hii ndiyo siku yangu. Nikakesha nikitengeneza maelezo, yenye picha, yenye michoro ya figo, na mwishoni nikaweka dhana yangu, kwamba Mama Furaha ana ugonjwa adimu wa moyo wenye jina refu ambao pengine hakuna felo aliyewahi kuugundua. Na ili nionekane zaidi, nikaomba niendeshe kikao nikiwa chumbani kwa mgonjwa, kamera juu ya kitoroli. Mama alikubali kwa furaha, akaagiza aletewe kilemba chake cha kitenge. Mimi nikasimama kando ya kitanda, kwenye skrini nawaona mafelo wa Columbus kwenye meza yao, wa Louisville kwenye yao, na katikati Dakta Linda, msimamizi wetu wa Buffalo, mama mpole ambaye hajawahi kupaza sauti, ndiyo maana tunamwogopa.

Nilieleza vizuri, hilo hata maadui zangu wanakubali. Nilipomaliza, Dakta Linda akaangalia karatasi ya vipimo akasema, "Mkojo wake una chumvi tele. Dawa inafanya kazi. Kwa hiyo chumvi inatoka kwa wingi, na mwili bado umejaa. Inaingia kutoka wapi?"

"Haiingii, dakta," nikasema kwa kifua mbele. "Anakula chakula cha hospitali tu. Sinia yake hurudi tupu kila siku."

Nikaona watu wa Columbus wanainama kwenye skrini yao, si kunitazama mimi, wanatazama nyuma yangu. Mmoja wa Louisville akafunika mdomo. Nikageuka. Papa Olivier alikuwa ameingia kwa ncha za vidole ili asitusumbue (ana adabu sana yule baba), ameshaweka hotpoti mbele ya mama mkwe, na sasa ameketi kwenye kiti cha kona, sinia ya hospitali magotini, anakula kuku wangu asiye na chumvi kwa njaa ya mtu aliyebeba maboksi usiku mzima. Alipoona tunamtazama akainua uma kutusalimu.

Dakta Linda akasema tumpigie mkalimani wa simu. Nikajitolea kutafsiri mimi mwenyewe, akasema kwa upole wake ule, "Hapana, wewe pumzika." Mkalimani akapatikana, sauti ikajaa chumba, akauliza, "Mama, wewe huwa unakula nini hapa hospitali?"

"Bon," akasema Mama Furaha, akirekebisha kilemba mbele ya kamera, "miye nakulaka ya kwetu. Ile chakula ya hospitali haina chumvi, njo mukwe yangu anaimalizaka, ili isitupwe. Miye nakula makayabo."

"Kuna mtu yeyote alikwambia usile?"

"Nani? Docta huyu tunakulaka naye kila siku! Kama ilikuwa mubaya angekula? Yeye njo anapendaka kichwa."

Na mkalimani, kwa uaminifu wa kazi yake, hakuruka neno. Kichwa kilifika Columbus. Kichwa kilifika Louisville. Nilitamani ile theluji iingie dirishani inifunike. Kule Louisville mtu alisahau kuzima sauti, kicheko kikatoka kama mtu aliyepaliwa na chai, kikakatwa.

Dakta Linda hakucheka. Aliuliza tu, "Na miguu yako wewe, inaendeleaje?" Ikabidi nijibu, mbele ya miji mitatu, kwamba nimevaa soksi.

Mashine iliahirishwa siku ileile. Hotpoti ikapigwa marufuku, Papa Olivier akanunuliwa mkate na wodi, na nesi akakaa na mama kila mlo mpaka sinia ikamalizwa na mwenyewe. Uzito ukaanza kushuka kama uliokuwa unasubiri ruhusa. Hakukuwa na ugonjwa adimu. Hakukuwa na mrija. Baada ya siku chache tu Mama Furaha akalala chali bila mito, na Furaha akalia tena, safari hii kwa sauti.

Siku ya kutoka nilikwenda kumwomba msamaha, kwa sababu acheni mzaha, nusura nisababishe mama wa watu atiwe mrija shingoni kwa ajili ya tumbo langu. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote. Alinisikiliza, akanipigapiga mkono. "Mutoto yangu," akasema, "ule nesi muzungu aliniambiaka kama chumvi ni mubaya. Nilimusikia. Nilitaka niache. Lakini wewe ulikuwa unaingia hapa umekonda, hauna mama huku, hauna mutu ya kukupikia. Nikajiuliza, nikisema Olivier asilete, ule mutoto atakula nini? Na miye nimuache akule peke yake?"

Kumbe wakati wote mimi namhudumia yeye, yeye ananihudumia mimi, na katika hao wawili mmoja tu ndiye alikuwa anajua anachofanya na gharama yake.

Basi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitatia tena tonge mdomoni ndani ya chumba cha mgonjwa, na kabla sijaamini sinia tupu nitauliza ni mdomo wa nani ulioimaliza. Nyumbani kwa mtu ni habari nyingine. Jumapili iliyofuata nilialikwa West Side, Furaha akapika samaki mbichi bila hata punje ya chumvi kwa heshima ya moyo wa mama yake, na nawaambieni ukweli, sijawahi kula chakula kibaya kama kile. Mama Furaha alikuwa ananitazama usoni. Nikaomba niongezewe.