Tairi la Komadre Basilia

"Gari linaguna," alisema Emeteria Callisaya, mikono kiunoni. "Nalo halikuwa linaguna kabla hujaligusa. Nilikuja kwako na matairi manne, ukayafunga, nikaondoka na gari linalolalamika kila kona kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Sasa nimlaumu nani, mimi?"

"Wewe," alisema Fundi Rufino, bila kuacha kujaza upepo tairi la mtu mwingine.

"Rufino, mimi ni wa kukuzaa."

"Ungenizaa ningerithi hiyo akili, tungekuwa wawili tusiojua matairi."

Emeteria akalipiga teke gurudumu lake mwenyewe. Liliuma.

Fundi aliinuka. "Mama, sikiliza. Gari hili linasukuma kwa magurudumu yote manne. Umelivalisha viatu vya watu wanne, mmoja mrefu, mmoja kilema, halafu unashangaa linaguna."

"Ng'ombe naye anakwenda kwa miguu minne, na sijaona mtu akimpima kwato."

"Ng'ombe hana difu."

Kwenye boneti palikuwa bado pamenata riboni za karatasi za Karnivali, zimefifia kwa mvua. Emeteria alibandua moja ili apime matairi na kumkomesha huyu kijana mbele ya wateja wake. Aliizungusha kwenye tairi la nyuma, akaikata pale ncha zilipokutana, kisha akaenda kuizungusha kwenye tairi la mbele kulia, lile zuri kuliko yote. Ncha hazikukutana. Zilipungua vidole vitatu. Akaivuta. Ikakatika. Akasema karatasi za siku hizi ni mbovu, akabandua nyingine. Vidole vitatu.

"Hivyo vidole vitatu," alisema Rufino, "ni kila tairi linapozunguka mara moja. Magurudumu hayaendi sawa, na vinavyovutana ni vyuma vya difu vilivyomo tumboni. Endelea hivi mpaka Pasaka, difu itakufa, na hilo gari nitalinunua kama chuma chakavu."

Emeteria aliviweka vidole vitatu juu ya tairi, akavitazama. Kwa gari hilo alikuwa ameuza ng'ombe wake wote isipokuwa wawili. Bila gari, jibini lake lingebaki hapohapo mjini Sorata, ambako kila nyumba inatengeneza jibini na hakuna anayenunua la jirani.

Na ubaya ni kwamba hapakuwa na wa kumsingizia. Sorata hakuna anayefanya sherehe kwa mfuko wake. Keki ina msimamizi wake wa kuilipia, bendi ina msimamizi wake, hata viatu vya bibi harusi vina mtu aliyeombwa kwa heshima akakubali kwa heshima. Basi mwaka huo, gari likiwa limenunuliwa na matairi yake yakiwa vipara kama kichwa cha askofu, Emeteria alipata wazo. Kama keki inasimamiwa, tairi lina kosa gani? Tairi moja, mtu mmoja, hakuna wa kulemewa. Alilipenda wazo lake hata akalala anatabasamu. Alijiona hakuna mwanamke mwenye akili kumzidi kutoka Sorata mpaka Achacachi.

Akaomba, wakakubali. Hakuwaambia walete tairi la aina gani, maana mtu anayepewa cha bure haanzi kuchagua rangi. Shemeji yake alileta lililotoka kwenye teksi. Mwokaji mikate alileta lililokaa miaka juu ya paa lake kuzuia bati lisipeperuke. Mtunza kanisa alileta la gari la maiti, akasema hilo halijawahi kukimbizwa. Na Basilia Chipana, muuza viazi, ambaye binti yake alibatizwa mikononi mwa Emeteria na tangu hapo wanaitana komadre, alileta jipya kutoka La Paz, lenye meno makubwa ya kutafuna tope. Jumanne ya Karnivali kila tairi liliandikwa jina la msimamizi wake kwa rangi nyeupe, likamiminiwa bia, na Mama Ardhi akamwagiwa sehemu yake chini. Emeteria alicheza mpaka kofia ikadondoka.

Basilia hakuomba shukrani ila moja: apelekwe Ancoma, kijiji cha juu mlimani, kwa mama yake kabla ya kuvuna viazi. "Keshokutwa," alijibu Emeteria. Keshokutwa gari likaanza kuguna, na barabara ya Ancoma ni kona tupu. Mara ya kwanza alisingizia mvua. Mara ya pili alisingizia jino, ambalo alikuwa ameshaling'oa mwaka uliopita.

"Nina matairi manne, ndugu wa tumbo moja," alisema Rufino pale gereji. "Yametoka gari moja, yamelika sawasawa. Nipe haya yako na jibini mpaka sikukuu ya Mtakatifu Yohane."

"Sawa. Lakini uniandikie majina yaleyale."

"Majina gani?"

"Ya wasimamizi. Rangi nyeupe. Basilia akae mbele kulia."

Rufino alimtazama. "Mama, huku ni kughushi."

"Hii ni adabu. Andika."

Gari likanyamaza. Ukikata kona, ulisikia chupa za maziwa tu zikigongana. Emeteria alifurahi mno. Alipita mbele ya meza ya Basilia taratibu, upande wa kulia, ili jina lionekane likizunguka. Mtu mwenye busara angepita mara moja. Yeye alipita mara tatu, na Jumapili ya soko akasimama kabisa, akashuka, akaegemea gari lake na kuulizia bei ya viazi ambavyo hakuwa na haja navyo.

Hapo ndipo ikapita pikapu ya mchuuzi wa nguruwe. Nguruwe walikuwa wakipiga kelele, matope yakiruka, na kwenye gurudumu la nyuma likizunguka polepole jina kubwa jeupe: BASILIA CHIPANA, MSIMAMIZI.

Basilia aliitazama pikapu mpaka ilipokata kona. Kisha akalitazama gari la Emeteria.

"Komadre," alisema, "kwani mimi niko wangapi hapa mjini?"

"Labda kuna Basilia mwingine."

"Chipana? Msimamizi? Rangi ileile nyeupe?"

Emeteria alitazama viazi. Vilikuwa vizuri. Akaanza kusema: riboni, vidole vitatu, difu, ng'ombe aliowauza. Alisema haraka na bila mpangilio, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumtukana mtu katikati ya maelezo.

"Ulishindwa kuniambia tairi langu ni refu?"

"Niliona aibu. Lako ndilo lilikuwa zuri kuliko yote."

"Ukaona uwape nguruwe."

"Sikujua Rufino atamuuzia nani."

"Na jino?"

"Jino halikuwepo."

"Nilijua. Nilikuwepo ulipoling'oa, ulinikamata mkono mpaka ukaniachia alama." Basilia alifunika viazi vyake kwa shali, akamwambia jirani amwangalizie meza. "Hili gari sasa linapanda?"

"Linapanda."

"Basi fungua mlango."

Walipanda. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope zito, na penye mwinuko mbaya Emeteria aliomba watakatifu kadhaa kwa majina, lakini magurudumu manne yalishika pamoja na gari likajivuta juu bila kelele. Basilia alikuwa ameinamisha sikio kuelekea sakafuni, akisikiliza kama daktari. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya mwisho, kimya.

Huko Ancoma, mama yake Basilia alikuwa mlangoni, mdogo kama mtoto, anauliza ni nani huyo amekuja na gari. Basilia alishuka, akambusu, kisha akarudi kwenye gurudumu la mbele kulia. Alichota tope kwa kiganja akalipaka jina lake mpaka halikusomeka hata herufi moja.

"Hili si langu," alisema. "Lisibebe jina langu bure. Langu umeshanilipa kwa safari hii, komadre. Njoo unywe supu."