Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Hoteli ile ilijengwa mwaka wa 1928 na Mzungu mmoja mwenye tumbo kubwa, na ingawa bango lake limebadilishwa mara tatu, watu wa Kitale hawakuacha kuiita Kwa Pipa. Paa lilikuwa la mabati mekundu, baraza ndefu ya mbao, na kila chumba kilikuwa na mahali pa kuotea moto. Mzee Hesbon, babake Phelista, alipika humo miaka ishirini na miwili bila kukanyaga baraza ile. Enzi hizo Mwafrika alipita mlango wa jikoni. Phelista aliajiriwa mwaka wa 1972 kutandika vitanda, akapanda hadi akawa msimamizi wa vyumba. Kila asubuhi aliingia kwa mlango wa mbele, makusudi, hata mvua ikinyesha.

Aprili 2007 wageni walianza kuadimika. Habari za mlimani, upande wa mpaka wa Uganda, ziliteremka na wakimbizi: nyumba zimechomwa, mashamba yanagombaniwa, vijana wenye bunduki wako msituni. Mzungu mmoja aliyekuja kutazama ndege alilipa siku tano akakaa mbili.

Asubuhi moja akaja Kimaiyo, mpima mashamba, viatu vyake vimejaa matope mekundu.

"Mama, nipee chumba ya nyuma," alisema. "Yenye haionekani kutoka barabarani."

Phelista hakumuuliza kitu. Kwa Pipa, mgeni alikunywa chai kwanza, maswali baadaye. Ndivyo babake alivyomfundisha. Lakini kabla hajaimaliza chai, Kimaiyo alianza kueleza mwenyewe. Alikuwa amepima mipaka kule juu. Waliokosa shamba walisema amewanyima. Mwenzake alichukuliwa Jumapili, akitoka kanisani.

"Na polisi?"

"Mama, polisi wanalala kwao. Mimi nalala wapi?"

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, wanaume wawili waliketi barazani. Walikuwa nadhifu, wenye adabu. Walimsalimu Phelista kwa kuinuka. Aliwaletea chai ya maziwa na mandazi, wakanywa polepole huku wakisifu mbao za zamani.

"Nyumba nzuri," alisema mrefu wao. "Ina milango mingapi?"

Phelista alimwongezea chai. "Mingi. Wazungu walipenda hewa."

"Tunatafuta ndugu yetu. Mpima mashamba. Tumeambiwa alikuja hapa."

"Alilala siku moja. Jana akaenda Eldoret."

Mwanamume yule alimtazama, kisha akatabasamu kama mkwe. "Mama, wewe si ni wa Myanga? Ile boma iko karibu na posho mill ya kusaga mahindi, yenye ua ya michongoma?"

Phelista hakuwa amewatajia kwao. Alichukua sahani tupu, akaingia ndani.

Hakukimbia. Alimtoa Kimaiyo kwa mlango ule ule wa jikoni aliopitia mzee Hesbon, akamvisha koti la dobi, akamlaza chini ya mashuka machafu kwenye pikapu ya hoteli. Ilikuwa siku ya dereva kwenda Bungoma kuleta kuku. Dereva alipita mbele ya baraza taratibu, na wale wawili wakampungia mkono.

Jioni Kimaiyo alipiga simu kutoka Bungoma. "Nimefika, Mama. Mungu akubariki." Simu ikakatika.

Wiki moja baadaye, yule mrefu alirudi peke yake. Hakuketi.

"Juzi tulipita Myanga," alisema. "Dada yako Jentrix alitukaribisha vizuri. Alituchinjia hata kuku. Nyinyi ni watu wakarimu sana."

Basi. Akashuka ngazi, akaenda zake.

Phelista alifunga safari siku hiyo hiyo. Alimkuta Jentrix akipeta mahindi, mzima, hajui lolote.

"Si walikuwa vijana wazuri tu," alisema Jentrix. "Hata waliombea ile kuku kabra ya kuikura."

"Funga nguo zako. Twende."

"Na kuku zangu je?"

"Twende, Jentrix!"

Waliishi pamoja katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya hoteli. Mbwa akibweka, Phelista aliacha kula. Machi iliyofuata wanajeshi walipanda mlimani, na yule mrefu hakuonekana tena. Hakuna aliyemwambia Phelista kama alikufa au alihamia mtaa wa pili.

Mwaka wa 2009 mwanamke mwembamba alifika akiwa na picha ndani ya bahasha. Jina lake lilikuwa Jeruto, mke wa Kimaiyo. Phelista alifurahi, akauliza kama mzee wake hajambo.

"Alifika nyumbani," alisema Jeruto. "Alikaa nasi wiki mbili. Halafu akasema anarudi juu kutafuta mwili wa mwenzake, azikwe kama mtu. Tangu hiyo siku, hapana."

Phelista alichukua funguo. Alimwonyesha chumba cha nyuma kwa sababu Jeruto aliomba kukiona. Jeruto aliketi ukingoni mwa kitanda. Kisha aliuliza gari la Suam, kule mpakani, linapandiwa wapi, maana kuna watu waliovukia Uganda wakati ule, na huenda yuko mmoja aliyemwona.

Walitembea pamoja hadi stendi. Gari lilikuwa karibu kujaa. Jeruto alipata kiti cha nyuma, akaitoa ile picha, na kabla dereva hajawasha injini alikuwa tayari anamwonyesha jirani yake.