Mkono Ulioshika Hewa

Kazi ya Yedukondalu ilikuwa kuanguka. Steringi akirusha ngumi, yeye ndiye aliyepaa, akavunja vyungu, akatua juu ya mkokoteni wa nyanya na kulala hapo kama marehemu mpaka aambiwe inuka. Alianza kazi hiyo Haidarabadi akiwa kijana, akaota mvi humo humo, na katika filamu zote za Kitelugu alizopigwa hakuna iliyomruhusu kurudisha hata kofi moja. Watu humwonea huruma mtu wa namna hiyo. Wasijisumbue. Kuna kipigo kimoja alichokistahili kweli, na hicho hakuna aliyempa.

Kijijini kwao Kondapalem, nchi ya pilipili, yeye na kaka yake Sambayya walikuwa wakicheza kabadi, mchezo wa kukamatana, wakilinda pamoja pembe ya kushoto. Mvamizi wa upande wa pili akiingia kwa pumzi moja, kama sheria inavyomtaka, wao walimsubiri wameshikana mikono, kisha wakamzungushia ile mikono na kumwangusha. Alfajiri ya fainali ya Sankranti, sikukuu ya mavuno, Yedukondalu alipanda basi la kwanza kwenda kujaribiwa na watu wa filamu. Hakuaga mtu. Jioni Sambayya alisimama pembeni peke yake. Mvamizi alipoingia, alinyoosha mkono kwa mazoea, hapakuwa na wa kuupokea, akamrukia mtu yule hivyo hivyo. Wachezaji watatu waliangukia goti lake. Goti halikukunjuka tena, na tangu siku ile kazi yake ni kulinda pilipili zinazoanikwa uani.

Yedukondalu hakuacha kurudi nyumbani sikukuu zote. Desturi inamtaka mdogo ainame aguse miguu ya mkubwa, naye aliinama. Mikono ilifika miguuni, macho yakaruka goti. Basi halikutajwa na mtu. Shemeji yake Nancharamma alimpakulia wali na achari ya majani ya gongura, naye alikula akiona haya hata kuomba chumvi. Maneno ya kuomba radhi alikuwa nayo, ameyapanga kichwani miaka mingi. Yalifika kooni yakakwama.

Mwaka mmoja akapata kazi katika filamu ya kabadi. Mwandishi wake alipenda kukaa na wapiganaji wakati wa chai, na siku hiyo aliwaomba hadithi. Yedukondalu akamwaga yote: ndugu wawili, basi, mkono, goti.

"Na wewe ulikuwa yupi?" mwandishi akauliza.

"Aliyebaki."

Neno lilimponyoka kabla hajalipima.

"Mbona huchechemei?"

"Lilipona," akasema, na uongo wa pili ukawa mwepesi kuliko wa kwanza.

"Na huyo kaka aliyekimbia, aliporudi alisemaje?"

Hapo ndipo Yedukondalu, mtu mzima ovyo, alipoyatoa yale maneno yake yote ya radhi akayatia kinywani mwa kaka yake. Mwandishi alifuta macho, akamwagizia chai nyingine. Picha zilipoanza kupigwa, Yedukondalu alirudi kwenye kuanguka kwake, akimwomba Bwana wa Vilima Saba, mungu ambaye yeye alipewa jina lake, kwamba hadithi igeuzwe isitambulike. Waandishi hugeuza kila kitu. Huyu, kwa bahati mbaya, alikuwa mwaminifu.

Filamu ilitoka siku ya Sankranti. Sambayya aliamuru nyumba nzima iende mjini kuitazama.

"Kaka, ni mimi yule yule, napigwa tu," Yedukondalu alijitetea. "Tupumzike nyumbani."

"Nikose kukuona ukipigwa? Utotoni nilikupiga bila kiingilio, leo nitalipa nione wenzangu wanavyofanya."

Nusu ya Kondapalem ilikuwa ukumbini. Ngoma zililia, nazi zikapasuliwa mbele ya picha ya steringi, karatasi zikarushwa juu. Kisha maandishi yakatokea: shukrani kwa Yedukondalu wa Kondapalem, aliyetupa hadithi ya maisha yake. Ukumbi ukapiga miluzi. Sambayya aliukamata mkono wa mdogo wake akauinua juu, watu wamwone.

Haukupita muda, kaka mtu wa kwenye filamu akapanda basi alfajiri. Mdogo mtu, steringi mwenyewe, akabaki, akanyoosha mkono, akavunjwa goti. Watu walimzomea yule mkimbiaji kwa matusi ya kila namna. Sambayya aliushusha mkono wa ndugu yake taratibu, akauweka mahali pake. Yedukondalu alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haina haraka na watu kama yeye.

Wakati wa mapumziko, wakila bajia za pilipili, vijana wa kijijini ambao wakati wa fainali ile walikuwa hawajazaliwa walimzunguka Sambayya.

"Mzee Samba, kumbe ulipanda basi ukamwacha mdogo wako?"

Yedukondalu alifungua kinywa. Akakitia bajia.

"Nilipanda," Sambayya akasema. "Nikakaa dirishani, upepo mzuri."

"Na hilo goti je?"

"Nililipata nikishuka. Mungu halali."

Wakacheka, wakaenda zao. Nancharamma hakucheka. Alimsogelea Yedukondalu, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni mume wangu aliyekimbia, shemeji. Sasa hebu nisaidie. Usiku wote ule nilikuwa nakanda goti la nani?"

Ngumi zote za Haidarabadi hazikuwahi kumuuma hivyo.

Sehemu ya pili steringi alipona, akashinda, na kaka akarudi. Mkubwa akainama mbele ya mdogo, jambo ambalo halifanywi, akalishika lile goti kwa mikono miwili na kusema maneno yake. Ukumbi mzima ulilia. Sambayya alilia kuliko wote.

Walirudi kabla jua halijazama. Sambayya alikaa uani kwenye kitanda cha kamba, mguu mbovu ameuegemeza kando, pilipili nyekundu zimetandazwa mbele yake. Yedukondalu alisimama mbali kidogo kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

"Yale maneno ya mwisho," Sambayya akasema, "aliyatunga nani?"

"Mwandishi."

"Mwandishi alijuaje kwamba baada ya kuanguka, mkono wangu bado ulikuwa unakutafuta? Hilo nilimwambia mama tu, akakwambia wewe."

Yedukondalu aliinamisha kichwa. "Ni yangu, kaka. Nimekuwa nayo miaka yote."

"Basi mbona umempa mtu mwingine ayaseme? Tena kwa jina langu?"

Nancharamma alitoka jikoni na bakuli mkononi, akasimama mlangoni. Yedukondalu akapiga magoti kwenye vumbi la pilipili. Safari hii mikono haikwenda miguuni. Ilikwenda kwenye goti, lile gumu, lililopinda, ambalo hakuwahi kuligusa.

"Kaka, siku ile ulinyoosha mkono ukashika hewa..."

Machozi yakamkatiza. Sambayya alingoja, akitazama pilipili zake.

"Endelea," akasema. "Yule wa kwenye filamu hakuishia hapo."