Kijarida cha mtaa kinachoshonwa kwa cherehani

Ukimsikiliza jirani wa geti la bluu, watu arobaini walijaa uani kwake siku ambayo hakukuwa na harusi.

Anasimulia kwamba alikuwa anafua. Akasikia vigelegele nje. Kufungua geti, eti anakuta wanawake wamevaa sare, wengine wamebeba zawadi, na mzee mmoja ameshavua viatu aingie kukaa. "Nina povu mpaka viwikoni," anasema, "nao wananiuliza bibi harusi yuko wapi! Bibi harusi mwenyewe yuko ndani kalala, kajipaka mafuta kichwa kizima."

Harusi ya binti yake ilikuwa tarehe 19. Wageni walikuja tarehe 9. Ndivyo walivyosoma kwenye Mlangoni, kijarida cha kurasa nane ambacho familia ya nyumba ya tatu kutoka kwake hukitengeneza kwa mikono kila baada ya miezi miwili.

"Arobaini!" anacheka fundi cherehani, mama wa familia hiyo, bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Walikuwa kumi na wanane, na mmoja alikuwa mtoto wa mgongoni. Jirani yangu huyo akihesabu watu, na vivuli anavitia."

Kosa lenyewe hakatai. Kurasa za Mlangoni hazibanwi kwa pini. Hukunjwa katikati, kisha hupitishwa kwenye cherehani kama pindo la sketi. Toleo lile tarehe ilikuwa mwanzo wa mstari, karibu kabisa na mkunjo. Mshono ukapinda kidogo, uzi ukaimeza ile moja, ikabaki tisa peke yake.

"Tangu siku hiyo tarehe tunaziandika kwa maneno," anasema. "Lakini nikwambie kitu? Niliona aibu, halafu nikafurahi. Watu kumi na wanane wameoga, wamevaa, wametoka majumbani mwao, kwa sababu tu sisi tumeandika."

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana. Magauni ya wateja yananing'inia kwenye kamba, yamesukumwa pembeni yasiguse gundi. Juu ya meza ya kukatia vitambaa kuna matoleo ya Mlangoni, yamepangwa moja juu ya jingine.

Leo hawatengenezi toleo jipya. Wanaunganisha yote ya miaka minne yawe kitabu kimoja. Saa nane mchana kitabu hicho kinatakiwa kiwe juu ya meza ya mkutubi wa maktaba ya umma, naye ameshawarudisha mara mbili.

Mara ya kwanza walipeleka matoleo ndani ya mfuko wa plastiki. Wakaambiwa yatapotea. Mara ya pili wakayafunga kwa kamba ya kiatu. Mkutubi akawaeleza kwa upole kwamba kitabu cha maktaba kina jalada gumu, na kina jina mgongoni. Bila hivyo hakipandi rafuni.

"Leo akitafuta sababu, itabidi aende kuinunua sokoni," anasema mume wa fundi, ambaye ni mpaka rangi wa nyumba. Anakata boksi la viatu kwa wembe, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Fundi aliishia darasa la saba. Wiki iliyofuata shangazi yake alimkalisha kwenye cherehani, na hapo ndipo alipo hadi leo, miaka ishirini na mbili. Kazi yenyewe, anasema, ndiyo iliyomfundisha habari. "Mtu ukimpima kiuno, atakueleza mpaka alichoota."

Mlangoni ilianza kwa kazi ya shule. Binti yake aliagizwa apeleke habari ya gazeti inayohusu sehemu anayoishi. Wakafungua magazeti ya zamani yote yaliyokuwamo ndani, wakapekua hadi kurasa za matangazo.

"Hatumo," anakumbuka fundi. "Hata kwenye habari za wizi hatumo. Nikajisemea, kumbe sisi hatujawahi kutokea!"

Jioni hiyo wakaandika wenyewe, karatasi moja, kuhusu mama anayeuza maji kwenye kona. Kesho yake muuza maji akaja kuomba nakala nne.

Sasa wanatoa nakala sitini. Nakala moja huuzwa kwa bei ya kiberiti, na kinachopatikana hurudi kwenye fotokopi na uzi. Kila toleo humla fundi siku mbili za kazi. "Ni magauni matatu ambayo sikuyashona," anasema. "Kuna wateja wamenihama. Mmoja alihama, halafu akarudi kununua kijarida."

Mume ndiye mleta habari, maana mpaka rangi huingia vyumba ambavyo hata ndugu hawaingii. Binti, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, ndiye mwenye mwandiko na michoro. Mhariri ni mama mkwe wa fundi, bibi wa miaka sabini na nne ambaye hakuwahi kujifunza kusoma.

Hili ndilo linalowashangaza watu. Kila habari husomwa kwa sauti mbele ya bibi. Asichokielewa hakiendi. Kikishapita kwake, hupelekwa kwa mtu aliyeandikwa, akasomewa mlangoni kwake, akikataa kinafutwa. Ndiyo maana ya jina.

Asubuhi hii bibi amekaa kwenye kigoda, anapaka uzi nta ya mshumaa ili usikatike. Mjukuu anamsomea utangulizi wa kitabu.

"Wakazi waliazimia kuboresha mazingira ya..."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kwamba walikubaliana kufagia, bibi."

"Basi andika walikubaliana kufagia! Mke mwenzangu, mbona unanificha ufagio?"

"Nilitaka kipendeze, bibi. Si kinakwenda maktaba?"

"Kwani maktaba hapafagiwi?"

Binti anafuta, huku mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Kitabu hiki kina sababu yake. Mwaka jana fundi alifungua kabati la nguo akakuta mchwa wamekula matoleo manane ya mwanzo. Hakuwa na mengine. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza. Mengine alikuta yamejaladia madaftari ya watoto. Moja lilikuwa limekunjwa chini ya mguu wa kitanda kisiyumbe. Alirudi na sita. La tatu na la tano hakuyapata.

Haikupita muda, akaja mwanamke mmoja kutoka mbali. Baba yake alikuwa fundi baiskeli wa mtaani hapo, na alikuwa amefariki. Alisikia kwamba mzee alihojiwa, maneno yake yakaandikwa. Alitaka kuyasoma tu. Yalikuwa kwenye toleo la tatu.

"Nilishindwa kumwangalia usoni," anasema fundi. "Mtu amepanda gari siku nzima, mimi namwambia baba yako ameliwa na mchwa."

Bibi, aliyekuwa ndani akichambua mchele, akatoka na ungo wake. Akauliza ni yule fundi wa baiskeli mwenye kikohozi? Kisha akaketi, akaanza. Alianza pale habari ilipoanza, namna mzee alivyojifunza kuziba pancha kwa kukata ndala, akaenda nayo mpaka mwisho. Alikuwa amesomewa mara moja tu, miaka mitatu nyuma.

Mpaka rangi anasema mgeni alilia kuanzia kwenye ndala. Binti alikuwa ameshachukua kalamu. Toleo la tatu lililomo kwenye kitabu cha leo ni hilo, lililotoka kinywani mwa bibi. Mahali pa la tano pameshonwa karatasi tupu yenye mstari mmoja: Toleo hili linatafutwa, mwenye nalo aje mlangoni.

"Mimi kusoma sijui," anasema bibi. "Nikisikia kitu nakishika, maana sina pa kwenda kukitazama tena."

Fundi anavuta uzi, anakaza fundo kwa meno. "Leo mama yupo," anasema. "Lakini siwezi kumfanya mama yangu kabati."

"Kabati gani linakula kama mimi?" bibi anadakia.

Kitabu ni kinene mno kwa cherehani, kwa hiyo fundi anakishona kwa mkono. Mume anatoboa matundu kwa msumari na nyundo, yeye anapitisha shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Jalada ni boksi la viatu lililovishwa kitambaa cha kaki, mabaki ya sare za shule. Jina ameshalitarizi kwa cherehani, kwa uzi mwekundu, juu ya kipande cha mgongo: MLANGONI. Herufi zimesimama sawasawa kama watoto mstarini. Alizifumua mara tatu kabla hajaridhika.

Saa saba wanabadili nguo. Bibi anatoa kanga mpya. Mpaka rangi anasugua mikono kwa mafuta ya taa, doa la kijani linabaki kwenye kucha, anaamua aende nalo.

"Leo natembea na mwandishi," anamwambia mkewe njiani.

"Mwandishi ni mwanao. Mimi nimeshona."

"Haya, natembea na mshonaji wa mtaa mzima."

Fundi anacheka, lakini kitabu hampi mtu amshikie.

Mkutubi ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Anakipokea kwa mikono miwili. Anagonga jalada kwa kidole. Anakisimamisha mezani, na kitabu kinasimama. Anasoma mgongo, anapitisha dole gumba juu ya uzi.

"Haya maandishi umeyashona mwenyewe?"

"Kwa cherehani, dada."

Mkutubi anafungua katikati, anaanza kusoma akiwa amesimama. Baada ya muda anavuta kiti, anakaa.

Fundi ana mpango. Anataka kila miaka miwili ashone kitabu kingine, na binti yake amalize shule akijua kukishona, ili siku mikono yake itakapochoka kazi isilale. "Mjukuu wa mtu aje hapa," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na kitabu chenyewe, "aulize babu yangu alikuwa nani. Apewe, akae, asome."

Mkutubi anaendelea kusoma. Mara moja anatabasamu, haonyeshi ni wapi. Nyuma ya familia hiyo watu wawili wamesimama na vitabu vya kurudisha.

"Dada, hatuombi rafu ya mbele," anasema fundi. Ameunganisha vidole vitatu, ameviweka juu ya meza kupima. "Hata ya chini kabisa. Upana wake ni huu tu. Mtatupa?"

Mkutubi analamba kidole, anafunua ukurasa mwingine.